Jumapili Niliyolala Lubunga

Nililala. Naliandika neno hilo kwanza kwa sababu kwa miaka minne nimelikana mbele ya mume wangu, mbele ya binti yangu, na mbele ya maprofesa watatu waliovaa majoho katika joto la Kisangani. Kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba nilikuwa nimefumba macho ili nisikilize vizuri. Jibu hilo lina sura ya kiroho, na mtu wa teolojia akishazoea majibu ya namna hiyo, kumkamata ni kazi.

Nilirudi chuoni nikiwa na miaka arobaini na sita, baada ya kufundisha Kifaransa sekondari mpaka nikajikuta nasahihisha makosa yale yale kwa watoto wa wanafunzi wangu wa zamani. Nilipomwambia mume wangu kwamba nimechagua teolojia, alinigusa paji la uso kuona kama nina homa. Tasnifu yangu ilihusu jinsi watoto wanavyofundishwa katika ekodim, maana hivyo ndivyo tunavyoiita shule ya Jumapili. Msimamizi wangu, mchungaji mzee ambaye hutamka “uwanjani” kama wengine wanavyotamka “mbinguni”, alinionya nisimletee mambo ya vitabuni tu. Nikae Jumapili kumi katika darasa moja, niandike ninachokiona.

Nilichagua Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa sababu watu walinisimulia juu ya mama mmoja ambaye watoto humkimbilia. Siku za kazi aliuza sokoni kwanga, ile mikate ya muhogo inayofungwa kwa majani. Jumapili alifundisha watoto kama hamsini nyuma ya kanisa, chini ya paa la mabati lisilo na kuta. Diploma hakuwa nayo. Sauti alikuwa nayo, pamoja na desturi moja ambayo hakuruhusu ibishaniwe: aliyevuka maji hula kwanza. Kila Jumapili nikishuka kwenye pirogi na daftari langu, nilikuta kwanga na kipande cha samaki vimefunikwa kwa sahani, vinaningoja. Mara moja nilijaribu kusema nimeshakula nyumbani. Aliniuliza kama nyumba yangu imehamia upande huu wa mto.

Jumapili ya saba somo lilikuwa kondoo aliyepotea. Mama alikuwa ameshaona zamani kwamba kondoo mia moja ni habari ya watu wa mbali. Lubunga watu wanajua mbuzi. Tena wiki ile mbuzi wa papa shemasi, baba mmoja mzee wa kanisa lile, alikuwa amepotea kweli, akaja kupatikana ndani ya behewa bovu kule stesheni, amejilaza kama abiria mwenye tiketi. Basi mama akachagua msichana mdogo awe mbuzi, akamwambia akajifiche. Wengine wafumbe macho, wahesabu, kisha wamtafute. Nami nikafumba macho, kwa kushiriki. Nilikuwa nimemaliza kwanga mbili.

Nilipofumbua, watoto walikuwa wamenizunguka wakiimba kwa nguvu zao zote, mbuzi amepatikana na anajifuta machozi huku akicheka, na mama anataka kufunga kwa sala. Daftarini nilikuwa na mistari mitatu ya maneno na mmoja wa nne ulioteleza mpaka pembeni mwa ukurasa. Shavuni nilikuwa na alama ya nguzo niliyoiegemea. Mume wangu aliiona jioni ile akauliza kama nililala kanisani. Ndipo nilipoanza ile habari ya kusikiliza vizuri.

Ningeweza kumwuliza mama somo liliishaje. Swali lenyewe ni fupi. Lakini mimi ndiye niliyekuwa mtafiti, mwenye kalamu mbili na barua ya chuo yenye muhuri, na niliona aibu. Nikakaa mezani kwangu nikatunga mwisho. Niliandika kwamba mama aliuliza nani alifurahi zaidi mbuzi alipopatikana, na mtoto mmoja akajibu kwamba ni mbuzi wale wengine, kwa sababu sasa wote wanaweza kurudi nyumbani. Siku ya kutetea kazi yangu, profesa mmoja alivua miwani aliposoma maneno hayo. Msimamizi wangu alisema mtoto huyo ni mwanateolojia. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kwa niaba ya mtoto ambaye hayupo.

Tangu hapo nimeishi vizuri. Nafundisha saa chache kwa wiki, naandika insha zangu, naimba sauti ya pili katika kwaya ya mamas, ambako nasinzia mara chache sana. Kisha mwaka huu msimamizi akaniita ofisini kwake akiwa na furaha tele. Makanisa yanatayarisha kitabu cha kuwasaidia walimu wa ekodim, na sura ya kwanza itakuwa yangu. Siku ya uzinduzi watakuja walimu kutoka Bengamisa mpaka Basoko, na mama wa Lubunga atafundisha somo lile la mbuzi mbele yao, kama nilivyoliandika, neno kwa neno. Kurasa zenyewe ameshamtumia kwa mkono wa mchungaji wake. Kwenye mtambo wa uchapaji zitakwenda Ijumaa.

Akilini nikamwona mama amesimama mbele ya umati, ameshika karatasi inayosema jambo ambalo halikutokea darasani mwake. Ama atalisema kwa heshima yangu, ama ataniuliza pale pale. Niseme ukweli: kwanza niliogopea uso wangu. Nilipokuwa katikati ya mto, nikienda kumwambia, ndipo nilipoanza kuuogopea wa kwake.

Sikumkuta. Alikuwa amekwenda Yanonge kwa binti yake aliyejifungua, na simu kule hushika inapotaka. Papa shemasi, yule mwenye mbuzi, aliniahidi kumfikishia namba yangu, ila kwanza nikae nile. Nilikula. Jumatatu ikapita, Jumanne, Jumatano. Msimamizi alinitumia ujumbe akiuliza kama nina marekebisho yoyote.

Alhamisi mchana nilikuwa nachambua majani ya pondu, yaani kisamvu, simu ikalia.

“Mama ya iniversite,” akasema, baada ya kunipa habari za mjukuu. “Nilisoma makaratasi yako. Huyu mutoto mwenye alijibu muzuri hivi, iko wa nani?”

“Ni wangu,” nikasema. “Mama, siku ile nililala.”

Nikamsikia anacheka, na nyuma yake kuku wa Yanonge.

“Lakini tunajua. Watoto wote wanajua. Unazani mbuzi alijificha wapi?”

Akanisimulia. Msichana alijificha chini ya benchi yangu, nyuma ya kitenge changu, na kila mtu aliuona mguu wake. Lakini nani atamwamsha mgeni aliyevuka maji, akala, akalala? Watoto wakamtafuta kwa adabu kila mahali ambapo hayupo, wakazunguka kanisa mara mbili, mpaka mbuzi mwenyewe akaanza kulia polepole akidhani hakuna anayemtaka. Hapo mama akawaambia waimbe, waanze chini, wapandishe kidogo kidogo, mpaka miguu yangu isogee.

“Nikawaambia: munaona, mwenye kupotea anaweza kuwa karibu kabisa, chini ya mutu mukubwa mwenye analala. Ndiyo maana tunatafuta, na tunaimba pia.” Kisha akaongeza: “Sikukutukana, lakini.”

Nilimwuliza ni mwisho upi uende kitabuni.

“Ya kwako iko muzuri,” akasema. “Ya kwetu ilifanyika. Bon, andika kama ulilala. Na siku ile ya walimu utakuja kukaa kwenye benchi, niko na lazima na mutu wa kulala.”

Nikamwambia sijui kuigiza, na mbele ya watu wote wale usingizi hautanijia.

“Utakula kwanza,” akasema.