Msomaji wa Benchi la Wateja

Mwanafunzi aliyepanga chumba nyuma ya kibanda changu cha ushonaji alikuwa akija kusomea kwenye benchi la wateja, kwa sababu chumba chake hakikuwa na dirisha. Alipenda vitabu vikuukuu, vile vya enzi za babu zetu, ambavyo kurasa zake zimegeuka rangi ya chai. Alisoma kwa kunong'ona, kidole kikifuata mstari, na mtu wa kitabuni akikosea alimgombeza kama ndugu yake: "We kaka, usiende huko!" Mimi si msemaji, kwa hiyo nilicheka kimoyomoyo huku nikikanyaga cherehani. Nilijua pia kwamba hasemi na baba yake tangu mzee alipooa tena. Simu yake ikiita kutoka nyumbani kwao, aliilaza kifudifudi.

Siku moja kunong'ona kulikoma. Nilipotazama, kidole kilikuwa kimesimama katikati ya ukurasa. "Mjomba," akaniambia, "huyu kafunga safari kwenda kumwomba baba yake radhi. Kafika, kakuta watu wanatoka makaburini." Alifunga kitabu bila kuweka alama, akachukua simu. Nikaondoa mguu kwenye cherehani ili asikie vizuri. "Shikamoo, baba." Akasikiliza, akikwangua jalada la kitabu kwa ukucha. "Hapana baba, siombi hela. Nilitaka tu kukusikia." Alihitimu, akahama zamani. Benchi bado lipo, na mteja akipokea simu hapo, mguu wangu huinuka wenyewe.