Kilima cha Jumamosi

Sikuipenda theluji tangu siku ya kwanza, na sijaona sababu ya kubadili mawazo. Watu wa Minnesota huisifu kama mtu anavyomsifu mbwa wake aliyekwisha kuuma majirani watatu. Mimi nimekaa sehemu nyingi: Nakuru nilikozaliwa, Lodwar nilikoendesha lori, Muscat, Houston, Omaha. Kila mahali paliponichosha niliondoka, kisha nikaanza kupakumbuka kwa uchungu nikiwa njiani. Hapa pekee ndipo nimevumilia misimu mitatu ya baridi, na sababu ni moja, binti yangu.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilimwacha na mama yake alipokuwa na miwili, nikarudi akiwa na minane. Nilimkuta mama yake ameolewa na Mkenya mwingine, mtu wa ofisini Golden Valley, aliyekuja huku kusoma na akajifunza chuoni kuski, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao. Walikuwa na nyumba Lakeville yenye gereji ya magari mawili. Mimi nilipanga chumba Richfield, ndege zikinipitia juu ya kichwa, nikapewa Jumamosi. Siku nyingine zote nilikuwa kazini, kwenye nyumba ya kutunza wazee. Kwa hiyo ubaba wangu wote ulikuwa Jumamosi.

Majira ya baridi yalipoanza, mama yake alinipigia simu.

"Msichana ameingia timu ya kuski ya shule. Mazoezi ni Jumamosi, na pale kilimani mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili hapandi peke yake kile kiti cha waya kinachopeleka watu juu. Lazima awe na mtu mzima."

"Nitapanda naye."

"Wewe?"

"Kwani ni ndege?"

"Sikiliza, bwana. Kupanda si kazi, kazi ni kushuka. Una wiki tatu. Ukishindwa, mume wangu atampeleka, na Jumamosi itakuwa yake. Sitaki mtoto akae chini anatazama wenzake kwa sababu ya kiburi chako."

Kazini nilimweleza mwenzangu, mama mmoja wa Kisii tuliyezoeana. Alinitazama kutoka juu hadi chini. "Ndugu yangu, Mungu amekupa miguu mifupi ili usianguke mbali. Sasa unakwenda kuirefusha kwa mbao?"

Nilikwenda kilimani jioni, baada ya kazi. Kwanza walinipa viatu. Mtu ambaye hajawahi kuvivaa hawezi kujua chuki yake inaweza kufika wapi. Ni plastiki ngumu kama ndoo, vimefungwa kwa vyuma mpaka karibu na goti, na ukitembea navyo unatupa miguu kama roboti aliyelewa. Kisha unakanyaga skii, zile mbao mbili ndefu nyembamba, zinashika kiatu kwa mlio mkali, na kuanzia hapo miguu si yako tena. Nilisimama mahali palipoonekana tambarare. Hapakuwa tambarare. Nilianza kurudi nyuma polepole, wima, kwa heshima zote, mpaka uzio uliponipokea mgongoni.

Mwalimu wangu alikuwa bibi wa miaka sabini hivi, mkavu, mwenye macho ya kijivu. Darasani tulikuwa watoto sita wa chekechea, mwanamume mmoja mnene, na mimi.

"Fanya pizza," alisema bibi. Maana yake utanue visigino na ukutanishe ncha za mbele, mbao zifanane na kipande cha pizza, upunguze mwendo. Watoto walifanya pizza. Mimi nilifanya kitu ambacho hakina jina kwenye chakula chochote, nikaanguka kwa kiuno. Nikainuka, nikaanguka kwa bega. Theluji iliingia shingoni na kuteremka mpaka ilipotaka. Msichana wa miaka mitano hivi alinipita akila kamasi zake.

"Unaangalia mbao zako," bibi aliniambia.

"Nataka kujua zinakwenda wapi."

"Zinakwenda unakoangalia. Ndiyo maana unakwenda chini."

Siku ya pili ya somo, yule mwanamume mnene alianguka mbele yangu. Alianguka vibaya, mguu mmoja huku, mwingine kule. Kwetu mtu akijikwaa barabarani, hata mpita njia asiyemjua atamwambia pole, na aliye karibu atampa mkono. Hilo hatufundishwi, tunalikuta tu. Kwa hiyo nikageuza mbao kumfuata, nikamnyooshea mkono, nikasema pole. Mkono ulifika, na mwili wangu wote ukaufuata. Nilimwangukia tumboni.

"Niondokee," alisema. Hata hakunitazama.

Bibi alikuja akasimama juu yetu bila kutetereka. "Hapa hakuna anayemwinua mwenzake. Aliyeanguka anainuka mwenyewe. Wewe unapita. Ukisimama unakuwa jiwe la pili njiani."

Nilimchukia kwa neno lile kuliko kwa yote mengine. Nilijiambia kwamba huo ndio mji mzima, umefupishwa vizuri. Watu wanakupita wakitabasamu, na kila mmoja anaita hali hiyo adabu. Hata hivyo nilirudi tena na tena, magoti yakivimba, mpaka nikaweza kushuka kilima kidogo bila kumgusa mtu. Nilishuka nikiwa nimekaza meno.

Jumamosi ya kwanza ya mazoezi ikafika. Binti yangu alivaa kofia ngumu na miwani mikubwa, sikumtambua. Anakielewa Kiswahili chote, lakini hujibu kwa Kiingereza, nami nimezoea kuzungumza hivyo, kila mtu na lugha yake.

"Kiti kikija, kaa," alinielekeza. "Tukifika juu, simama, nyoosha mbao, teleza uondoke hapo haraka. Sawa?"

"Sawa, mama."

Kiti kilitoka nyuma kikatupiga magotini, tukawa hewani. Upepo ulinikata uso. Chini, watu walikuwa wadogo, nami nilishika chuma kwa mikono miwili kama mtu anayehojiwa na polisi. Bega lake lilikuwa limeegemea langu, na sikuwa na nia ya kulihamisha.

Juu nilisimama. Nikanyoosha mbao. Nikateleza, kweli nikateleza, wima. Na hapohapo nikaona mwanamke aliyeshuka kwenye kiti cha mbele yetu amelala kifudifudi njiani, miwani imemtoka. Binti yangu alimzunguka kama maji. Mimi nikafanya pizza, pizza nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, nikasimama pembeni yake nikampa mkono.

Kiti cha nyuma yetu kilileta vijana wawili. Walitugonga sote wawili. Kengele ililia, mitambo ikazimwa, na mlima mzima ukaning'inia hewani kwenye viti, miguu ikibembea katika baridi ile, watu wakitafuta wa kumlaumu. Hawakutafuta sana. Yule mwanamke aliinuka, akajifuta, akaniambia kwamba alikuwa sawa kabla sijafika.

Msimamizi alikuja na mkasi, akakata tikiti yangu iliyoning'inia kwenye zipu ya koti. Akanionyesha njia ya kushuka kwa miguu.

Binti yangu alikuwa amesimama kando, ameona yote. Bila mimi hakuruhusiwa kupanda tena siku hiyo.

"Kwa nini ulisimama?"

"Alikuwa ameanguka."

"Kila mtu anaanguka. Humjui hata jina."

"Kwetu hatumpiti mtu..."

"Mimi ulinipita miaka sita," alisema, akageuka akashuka.

Nilishuka kwa miguu, mbao begani, nikizama mpaka magotini, na kwa mara ya kwanza sikuwa na la kuitukana theluji. Nilimkuta chini amekunja mikono, anatazama wenzake wakipanda. Tulikwenda mpaka Lakeville bila redio.

Mama yake alikuwa nje, anasukuma theluji kwa koleo mbele ya gereji. Hakunisalimu.

"Enhe," alimwuliza mtoto, "amepanda?"

Binti yangu alikuwa anatoa mbao zake nyuma ya gari. Alizishusha zote kwanza. Kisha akamwambia kwamba nilipanda mpaka juu, na kwamba niliposhuka kwenye kiti sikuanguka. Yote yalikuwa kweli. Akaishia hapo.

"Basi Jumamosi ijayo, saa tatu," mama yake alisema, kama mtu aliyeambiwa habari asiyoitaka. "Usichelewe."

Mtoto aliingia ndani bila kuniaga.

Nilibaki garini, magoti yakiwaka moto. Nimewahi kuhama miji kwa sababu ndogo kuliko ile. Neno moja zaidi kutoka kwa binti yangu, kwamba tikiti yangu ilikatwa, lingetosha, ningekuwa huru, na lawama isingekuwa yangu peke yangu. Nililisubiri lile neno, na sitadanganya, nililitamani. Hakulisema. Nikawasha gari nikarudi Richfield kutafuta barafu ya kuweka magotini.