Ukoka wa Kitwe kwenye Mteremko wa Kasense

Kaka yangu ndiye aliyesimamia ujenzi wa nyumba yetu ya likizo, na ndiye aliyechagua mahali. Aliipandisha juu kabisa ya mteremko, kwenye kipande cha ardhi alichotuachia baba upande wa Kasense, mahali ambapo hata mbuzi hupanda kwa kusitasita. Nilipomuuliza kwa nini hakujenga chini, karibu na barabara na karibu na kwa mama, aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini halali jikoni.

"Chini ni tambarare," alisema. "Tambarare ni ya kulima. Nani anapoteza tambarare kwa nyumba?"

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri, siwezi kumsingizia. Ilikuwa na bati jipya, madirisha mapana, na baraza ambayo ukikaa asubuhi unaona mashamba mpaka kwenye mabati ya Mazwi, mjini Sumbawanga. Tatizo lilikuwa kufika hapo barazani. Mimi nilipanda nikihema. Mume wangu hakuweza kupanda kabisa, maana mwamba ulimponda mguu wa kulia mgodini, na tangu siku hiyo alitembea kwa fimbo, kwenye sakafu ya saruji tu na mahali palipo sawa.

Mume wangu ni Mzambia. Tuliishi Kitwe, katika nyumba ya kampuni ya mgodi, na kwake yeye Sumbawanga ilikuwa nchi ya watu, ya kuingia kwa kugongewa muhuri mpakani pale Kasesya. Sasa serikali ya kwao ilikuwa inauza migodi, na kazi ikiisha, nyumba nayo inaondoka. Ilibidi tuamue pa kwenda kuishi. Kwao ni kando ya mto Luapula, nchi iliyonyooka ambayo ukiangusha chungwa halibingiriki. Jioni moja alisema bila ubaya wowote, "Mimi nitakwenda mguu wangu utakakokubali."

Nilimwelewa vizuri. Mguu ukiukataa mteremko wa kaka yangu, ningekwenda kuzeekea Luapula, na mama yangu angebaki Kasense bila mimi. Tayari alikuwa ameanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Nilitaka kuishi karibu naye angali ananijua. Hilo tu ndilo nililolitaka, na kati yangu na hilo palikuwa na mteremko.

Kwa hiyo likizo ya kwanza niliushambulia. Nilichora ngazi tatu pana zenye njia ya kupinda taratibu kutoka barabarani mpaka barazani, mahali pa kupumzika kila kona, na ukoka kila mahali kama uwanja wa nyumba yetu ya Kitwe. Nilikuta mjini kila kitu kinapatikana. Miaka ya nyuma sisi ndio tuliokuwa tukivusha sabuni na sukari kutoka Zambia, ndugu wakitusubiri kama wafalme. Sasa ruksa ya biashara ilikuwa imeshazoeleka, maduka yamejaa, saruji imepangwa mpaka nje ya mlango, na sisi wa Zambia ndio tuliokuwa tukishangaa. Nikaajiri vibarua, nikawasimamia kutwa nzima na pima maji ya fundi mkononi. Nilirudi Kitwe nikiwa nimeacha ngazi tatu za udongo zilizonyooka vizuri.

Waliozifurahia kwanza walikuwa ng'ombe. Upande wa pili wa kilima kulikuwa na familia iliyohamia na mifugo kutoka Usukumani, na ng'ombe wao, ambao siku zote walizunguka mbali kwenda mtoni, waliona wametengenezewa njia. Nilipokuja tena, ngazi zilikuwa zimebomoka kingo zote. Mwenye ng'ombe alikuja mwenyewe kuniomba radhi, amevua kofia.

"Tusamehe, dada," alisema. "Tumewafukuza sana. Lakini njia nzuri hata ng'ombe anaijua."

Utamjibu nini mtu anayekusifu? Nilisema asante, nikaingia ndani nikajifungia nikiwa na hasira za kutosha kuchemsha maji.

Likizo hiyo ya pili nilikuja na silaha mbili. Moja ilikuwa mawe, ya kujenga kingo. Ya pili ilikuwa ukoka wenyewe, niliouchimbua uwanjani kwetu Kitwe na kuufunga kwenye viroba vyenye maji maji. Pale mpakani ofisa alifungua kiroba, akaingiza mkono, akatoa shina moja akalitazama.

"Mama, hii ni nini?"

"Ukoka."

"Nyasi?"

"Nyasi za kupanda."

Alimwita mwenzake aje aone. "Huyu mama anapeleka nyasi Ufipa," alimwambia. Walicheka kwa adabu, wakanipisha.

Wifi yangu, mke wa kaka, hakucheka. Alinikuta nimepiga magoti napanda shina moja moja kwenye mvua za mwanzo, akasimama na jembe begani. Yule mwanamke amezaliwa akiona nyasi zinang'olewa, ameolewa akizing'oa, na sasa wifi yake aliyesoma alikuwa amezivusha mpaka na kuzilaza kitandani.

"Zikishaota utazifanyia nini, wifi?" aliuliza.

"Nitaziangalia."

Alitikisa kichwa, akaniuliza kama nimekula. Mama naye, nilipopita kwake jioni na matope mpaka magotini, alinipa maji ya kunawa na kusema kwa Kifipa, "Likizo zako zote unakuja kuuona mlima." Nilidhani anatania. Nilikuwa na haraka, mawe ya kona ya pili yalikuwa hayajakaa sawa.

Siku ya kuondoka nilimwagiza kaka mbele ya mke wake: ng'ombe wasipite, na ukoka uachwe uote. Nilirudia. Kaka alisema nisiwe na wasiwasi, shamba langu ni shamba lake. Laiti ningelisikiliza vizuri hilo neno shamba.

Mwaka huo mgodi uliuzwa. Mume wangu alipata likizo yake ya mwisho wakati wa Pasaka, na tulikubaliana nitangulie wiki mbili kufungua nyumba na kupanga mambo, kisha aje na gari la kukodi aone mwenyewe kama panakalika. Njia nzima kutoka Matai niliuona ukoka wangu kichwani, umetandaa kijani kwenye ngazi tatu. Nilishuka barabarani pale chini, nikainua macho.

Mteremko wote ulikuwa umejaa ntumba. Kwa asiyelijua neno hilo, ni vile vilima vya mviringo vinavyofika gotini, ambavyo Wafipa hutengeneza mvua zikiwa zimekolea: wanakata udongo pamoja na nyasi, wanazikunjia nyasi ndani zioze, juu wanapanda maharage, na msimu unaofuata wanavisambaza wapande ulezi. Vilipangwa kutoka barabarani mpaka chini ya baraza yangu. Maharage yalikuwa yametoa maua. Mawe ya kingo yalikuwa yamekusanywa vizuri pembeni, chungu moja. Ya ngazi zangu sikuona hata alama.

Nilimkuta kaka kwake. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti ambayo mwenyewe niliisikia ni mbaya. Hakuigundua. Alikuwa ananingojea kwa furaha.

"Umeona?" aliuliza.

"Nimeona. Nani amefanya?"

"Watu wote. Wifi yako hapa alipika pombe ya ulezi, nikatangaza kazi. Walikuja mpaka wa ng'ambo ya mto. Siku moja tu, mlima wote."

"Nilisema ukoka uachwe uote."

"Si uliota? Tulikungojea uote. Ulipokuwa laini, umejaa vizuri, tukaufukia." Aliegemea mbele. "Sijawahi kuona nyasi nzuri kama zile. Watu wanasema ulizileta kutoka mbali kwa ajili ya udongo."

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa balaa. Kijiji kizima kilikuwa kimenionea huruma, mtoto wa kwao aliyeolewa mbali, anayehangaika peke yake na mlima, kikaja na majembe kunisaidia. Kila niliyekutana naye wiki ile alisimama akingoja nishukuru. Nikashukuru. Nilishukuru kanisani Jumapili, nikashukuru kisimani, nikashukuru kwa mzee mmoja aliyeniambia kwamba kona ya pili, ile niliyoijenga na kuibomoa kwa mikono yangu nikitafuta usawa, ilimpa taabu sana kwa mawe. Ningetukanwa ningejua la kufanya.

Nikatafuta watu wa kuvunja ntumba angalau nipate njia. Hakuna aliyekubali. Walinieleza kwa upole, kama unavyomweleza mgonjwa, kwamba ntumba haivunjwi ikiwa na maharage. Basi nikachukua jembe mwenyewe. Nilianzia barabarani, nikasambaza moja, nikasambaza ya pili, mashina ya maharage yakilala kwenye matope na maua yake. Mvua za Pasaka zile zilikuwa hazijamaliza hasira, na udongo ule uliojaa ukoka uliooza ulikuwa unateleza kama mlenda. Njia yangu ikawa mfereji. Kaka alipita, akaona, akaenda zake. Mama alikuja mpaka ukingoni, akasimama na kanga kichwani.

"Unaionea haya kazi ya watu?" aliuliza.

"Siionei haya, mama. Mume wangu hawezi kupanda."

"Basi asipande," alisema, akageuka akarudi kwake.

Niliona hajaelewa kitu. Nilisikia machozi ya hasira yanakuja, nikayaacha yaje, kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha na hakuna ambaye angejua.

Mume wangu alifika mchana, siku ya jua la kwanza. Dereva alisimama chini kwenye mfereji wangu. Mume wangu alishuka na fimbo yake, akatazama ntumba, akatazama nyumba kule juu kabisa na mapazia yake mapya, akaweka fimbo kwenye matope. Ilizama nusu. Akaitoa. Watu walikuwa wameshakusanyika, wale wale wa majembe, na kaka akainama mbele yake amtolee mgongo ambebe. Mume wangu alimshukuru kwa Kiswahili chake cha maneno matano, akakataa. Mwanamume aliyefanya kazi chini ya ardhi miaka yote ile hakuwa tayari kupelekwa nyumbani kwake mgongoni.

"Nitakaa wapi?" aliniuliza kwa Kibemba.

Jibu alikuwa nalo mama. Alikuwa ameshatoa kiti nje kwake, hatua chache kutoka barabarani, kwenye uwanja aliofagia. Alikiweka upande wa pili, mbali na mkeka wake, kama heshima ya mkwe inavyotaka, na wakakaa hivyo, kila mmoja akimpa mwenzake ubavu. Likizo yote ikapita hapo. Kifipa na Kibemba ni ndugu, basi maneno mengine yalipatana na mengine waliyaachia. Mama alituma ungo wa maharage upelekwe kwa mkwe, ungo ukarudi yamechambuliwa. Jioni mama alicheka kwa jambo ambalo sikulisikia, kwa sababu mimi nilikuwa mlimani na jembe langu, nikijaribu kuinyoosha njia kwa ajili ya mtu ambaye hakuwa ameniuliza tena habari ya njia.

Siku mbili kabla ya kuondoka nilishuka kunawa. Mume wangu aliniita.

"Nitakuja kuishi huku," alisema.

"Njia nitaimaliza kiangazi," nilimwambia. "Nikipata mawe mengine..."

"Siyo kule. Kule mpe kaka yako." Alielekeza fimbo kwa mama, bila kumtazama. "Kwetu kijana anayetaka mke huhamia kwa wakwe, akamlimia mama mkwe kwanza. Mimi nilikimbilia mgodini, nikamtumia blanketi. Kazi yake bado nadaiwa."

Nilikuwa bado sijatafsiri, mama alishaanza kucheka, kanga mdomoni.

"Mbona hukusema mapema?" nilimuuliza mume wangu. Sikuuliza kwa furaha tu. "Mlima wote huu, likizo zote hizi."

"Nilijua lini? Ndiyo kwanza nimekaa naye."

Mama alikata kipande cha shamba lake la mahindi, tambarare kabisa, kando ya jiko lake. Kaka aliumia kuona nyumba inapanda kwenye udongo ule, lakini hakubishana na mama, na tena alikuwa ameshahamia kule juu na mke wake. Kila mvua zikikolea, chini ya madirisha yangu ya kule juu ntumba zinapangwa, na kati yake ukoka wa Kitwe unachomoza kwa ukaidi, na wifi anaufukia. Naviona vyote nikiwa hapa chini, na bado vinaniudhi.

Mafundi walipomaliza nyumba ya hapa chini, mume wangu aliketi kwenye kigoda akipalilia kitalu cha mama mkwe wake, mguu mbovu umenyooshwa mbele. Mimi nilitoka na kamba, vigingi na ile pima maji, nikaanza kuzunguka uwanja. Mama alinitazama kutoka mkekani, ungo wa maharage mapajani. Akaniita kwa jina langu, langu mwenyewe.

"Unatafuta nini?"

"Nataka kupasawazisha hapa, mama."

Alisogea, akaniachia nafasi kwenye mkeka.

"Hapa ni sawa tayari," alisema. "Kaa."