Ua la Jiwe Juu ya Duka

Jirani yangu hapa Muthangari anajenga ukuta, na tangu asubuhi mafundi wanachonga mawe. Manyunyu yalipita yakalowesha lile vumbi, na harufu yake ikanifuata hadi jikoni nilipokuwa nachemsha chai. Ni harufu ya baridi kidogo, kama ya chungu kipya kilichotiwa maji. Wengine wakiinusa huwaza ploti na nyumba za kupangisha. Mimi humwaza Simran.

Tulisoma darasa moja, Parklands. Mama yangu alikuwa muuguzi katika hospitali iliyokuwa karibu na kwao, kwa hiyo masomo yakiisha nilimngojea kwa kina Simran hadi atoke kazini. Nyanya yake, ambaye sote tulimwita Biji, alitupa chapati za moto zilizopakwa siagi na kutukataza kupanda kochi na viatu. Baba yake alikuwa na duka la vitasa na misumari katikati ya jiji, na Jumamosi nyingine alitubeba kwenye gari lake tukashinde huko. Kazi yetu ilikuwa kukaa mlangoni na kuangalia watu. Mimi nilipenda viatu vyao. Nilikisia mwenye viatu alikuwa nani kabla sijamtazama usoni.

Siku moja Simran akachoka na mchezo huo.

"Nekesa, wewe huangalia chini tu," akasema. "Angalia juu."

Nikainua macho. Juu ya mabango ya maduka, mahali ambapo sikuwahi kupatazama, palikuwa na nyumba nyingine kabisa. Madirisha yalikuwa na vichwa vya mviringo, na kati yao maua ya jiwe la kijivu, yamechongwa kama yaliyochumwa asubuhi ile. Moja lilikuwa na upande mmoja mtupu.

"Hiyo imevunjika," nikasema.

"Haijavunjika. Babu ya babangu ndiye alichonga. Akaitwa akiwa huko juu, akaambiwa mtoto amezaliwa. Akashuka, akaenda. Biji anasema alikataa kuimaliza. Alisema ikae hivyo, ni ya mtoto."

Sijui niwaelezeje kilichonipata. Tangu siku hiyo nilitembea shingo ikiwa juu, nikigonga watu na kukanyaga madimbwi. Niliwasumbua mafundi wa mawe waliojenga mtaani kwetu hadi mmoja akanipa patasi nijaribu. Mama akalalamika kwa baba, "Huyu mtoto atagongwa na gari akihesabu madirisha." Baba, aliyekuwa seremala, alicheka tu, akanichongea penseli.

Kila Jumamosi nilimwomba Simran turudi mjini nikachore lile ua. Alikubali, ingawa alizidi kuwa kimya, nami sikujiuliza kwa nini. Nilidhani amechoka kunishikia kifutio.

Mara ya mwisho nilikuwa nimefika kwenye ule upande mtupu, sehemu ngumu kuliko zote.

"Utakuwa unakuja kuiangalia?" akaniuliza.

"Eeh."

"Hata kama sipo?"

"Eeh," nikajibu, macho yangu yakiwa juu, penseli mdomoni.

Jumatatu dawati lake lilikuwa tupu. Familia ilikuwa imehamia ng'ambo. Mama alijua siku nyingi, na alifikiri Simran mwenyewe ameniambia. Nilimkasirikia Simran mwaka mzima. Nilimwona msiri, mtu wa kuondoka bila kwaheri.

Sasa kazi yangu ni kukarabati nyumba za zamani. Juzijuzi nilipelekwa kwenye jengo lile lile, na dukani nikamkuta binamu wa baba yake Simran, mzee wa kilemba cheupe. Nilipotaja jina langu aliweka chini kikombe chake.

"Wewe ndio Nekesa? Simran alitukataza kukuambia wanahama. Alisema atakuambia yeye. Akarudi hiyo Jumamosi analia, lakini akamwambia Biji asijali, ua ya mzee imepata mtu."

Alinipa nambari ya Simran, nikapiga. Kiswahili kilikuwa kimemtoka, na tulizungumza kwa adabu, kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Watoto hawajambo, baridi ni kali huko, Biji alishafariki. Nilitaka kumwambia kwamba maisha yangu yote yametoka kwenye sentensi yake moja, lakini sikupata mahali pa kuitia. Akasema ana kazi jikoni, tukaagana.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba ile "eeh" yangu ndiyo iliyokuwa kwaheri yetu. Alikuja mjini na maneno yake tayari, akaanza kuyasema, nami nikamjibu kabla hajamaliza. Lile ua naweza kulichora nikiwa nimefumba macho, kila mkunjo wake. Lakini uso wa Simran siku ile sinao. Alikuwa amesimama kando yangu, na sikuutazama.