Mzee Kikoti Alipolala Mbele ya Ndege

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu jikoni, kisha nashika kifua. Ni siku wakwe zangu walipotoka Mikumi kuja Kimamba kuniona, na Mzee Kikoti akaniaibisha mbele yao. Njoo ukae. Hiyo ndege yako ya rimoti iweke chini kwanza, haitaruka bila wewe.

Usinitazame hivyo. Hata mimi nilirusha ndege, tena uwanja mzima ukipiga vigelegele. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Shamba la mkonge lilikuwa limeuzwa, na meneja wake, mgeni kutoka ng'ambo, akafungasha kurudi kwao. Vitu vyake aliwagawia watu. Huyu kapata kitanda, yule kapata sufuria, na Mzee Kikoti, aliyekuwa gadi wa treni mpaka alipostaafu, akaachiwa ndege ndogo ya mbao nyepesi yenye injini ya kunywa mafuta, kwa kuwa walikuwa wakiirusha pamoja kila Jumapili. Lakini macho ya mzee yalikuwa yamechoka. Akija kuipaisha anaiona mbili. Siku moja akaniletea bawa lililochanika nilishone, maana nilikuwa na cherehani pale barazani. Alipoona nimelishona bila kulikunja, akasema, "Binti Komba, wewe una mkono. Njoo nikufundishe, ingawa ni Mngoni."

Yeye alikuwa Mhehe, na sisi Wangoni na Wahehe ni watani toka enzi za mababu. Mtani wako akikuchukulia kuku hukasiriki. Akija msibani kwenu akalia kwa kejeli, unacheka. Nyinyi wa siku hizi mmebakiwa na utani wa kwenye simu tu, lakini sisi tulilelewa nao.

Basi nikafundishwa. Miezi mizima sikuirusha, nilikuwa naifuta mafuta tu! Kila ikitua, nifute, nikaze skrubu, nipitishe kidole kwenye mbao nikitafuta ufa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini Mzee Kikoti alisema kwa ndege hata huo ukuta hutaujenga, utaokota vijiti. Pangaboi la mbele nisilisukume kwa kidole kamwe, nitumie kijiti, na kichwa kikae nyuma yake. Kabla ya kuwasha injini, nitembee mbali na rimoti, eria, yaani antena yake, ikiwa imekunjwa, huku yeye akitazama kama mkia bado unanisikia. Nikichoka ananiambia haraka haraka haina baraka. Nikinuna anasema Wangoni wamezoea kununa.

Ila sharti lake kubwa lilikuwa jingine. Kwenye reli ya njia moja, mwanangu, dereva alikuwa haondoki stesheni bila kukabidhiwa tokeni, kile chuma cha kuonyesha kwamba njia iliyo mbele ni yake peke yake. Mzee alikuwa na imani hiyo hiyo juu ya ndege. Rimoti za wakati ule zilitumia mawimbi machache, na mbili zikikutana kwenye wimbi moja, ndege haijui bibi yake ni nani. Na ndiyo kwanza maduka yalikuwa yamejaa magari ya watoto ya rimoti kutoka Dar! Kwa hiyo kabla ya kurusha nilizunguka uwanja na kikapu, nikikusanya rimoti za kila mtoto mpaka ndege itue. Watoto wa Kimamba walishanizoea, wakiniona tu wananyoosha mikono.

Sasa siku ile. Babu yako Beno alikuwa fundi gereji pale Mikumi, barabarani, na alikuwa ameshaleta posa. Akaja mama yake, akaja shangazi yake, na wakaja na kimjukuu chao, mtoto wa dada yake Beno, ambacho ni mama yako, huyu huyu anayekufokea leo usiache viatu mlangoni. Walikula, wakashiba, kisha wakataka kuiona hiyo ndege ya bibi harusi. Nami nikajisemea, mcheza kwao hutuzwa. Tukaenda uwanja wa mpira, wageni wakawekewa benchi.

Nikachukua kikapu changu nikazunguka. Nilipofika kwenye benchi, nikaona mama yako amekumbatia gari jekundu, na rimoti yake iko mapajani kwa Mama Beno. Kwetu mkwe hata usoni humtazami, seuze kumwambia nipe hicho ulichoshika, tena siku ya kwanza! Watasema nini huko Mikumi? Kwamba Beno anaoa mwanamke wa kunyang'anya watoto? Nikajipa moyo kwamba imezimwa, na mtoto mwenyewe anasinzia. Nikainamisha kichwa, nikapita.

Nikarudi kwenye ndege, nikajaribu mkia, ukanitii vizuri. Nikachukua kijiti niwashe injini. Mara Mzee Kikoti akaja, akavua kofia, akalala chali mbele ya ndege, mikono kifuani kama maiti.

"Jamani, chimbeni kaburi!" akapaza sauti. "Binti Komba leo anaua mtu. Heri aanze na mtani wake, mimi nimeshakula chumvi nyingi!"

Uwanja ukaangua kicheko. Wakwe wakatazamana. Nikachuchumaa, machozi yananilenga, nikanong'ona, "Babu, inuka, unanivunjia ndoa."

Akafumbua jicho moja. Hapo hakuwa na utani tena. "Kikapu kimefika kwenye benchi?"

"Ni mama mkwe, babu. Namwambiaje?"

"Kwa mdomo uliokulia ugali leo. Siinuki mpaka useme mwenyewe. Mimi nikikusemea leo, kesho nani atakusemea?"

Mwanangu, ule uwanja haujawahi kuwa mrefu namna ile. Nikaenda nikapiga magoti mbele ya Mama Beno. "Shikamoo mama. Naomba rimoti ya mtoto. Ikibonyezwa ndege ikiwa juu, sitaweza kuizuia." Shangazi akasonya, nikamsikia. Mama Beno akaitikia marahaba, rimoti bado iko mapajani.

Mzee Kikoti akainuka, akajipangusa vumbi, akaileta ndege karibu, injini ikiwa bado haijawashwa. "Mpeni mtoto abonyeze," akasema.

Mama yako akabonyeza. Mkia wa ndege ukaruka upande, tap! Na mimi rimoti yangu ilikuwa mkononi, sijagusa kitu. Akabonyeza tena, ukaruka tena. Alicheka mno, maskini, alidhani kapewa kitu kipya cha kuchezea. Hata shangazi aliacha kusonya.

Mama Beno akaichukua ile rimoti, akatoa betri, akazifunga kwenye pindo la khanga. "Mwanangu," akaniambia, "ulipita hapa na kikapu. Nilikuona. Mbona hukuniomba?"

"Niliona haya, mama."

"Haya hiyo ingenizikia mjukuu."

Hakusema kwa hasira. Alisema huku amemvutia mama yako kifuani. Kisha akaniambia niinuke, nikairushe ndege, wamekuja kutoka mbali. Nikairusha. Sikumbuki hata iliruka vipi.

Basi, mwanangu, ndiyo maana nimekuita. Wanasema rimoti za siku hizi hazigombani. Sawa, nafurahi, lakini chini ya ndege bado wapo watu. Ifute ikitua, ikague kabla haijapaa, vidole vyako uviweke mbali na pangaboi, na usiirushe juu ya kichwa cha mtu hata akikuomba. Hayo utayaweza, una akili. Zito ni lile la kumwambia mkubwa wako, "Samahani, sogea hapo." Atakuwa mwalimu wako, atakuwa mchungaji, nitakuwa mimi bibi yako na kiti changu. Mwambie. Piga magoti ukitaka, heshima haikatazi, lakini mwambie. Mficha uchi hazai. Ukinyamaza kwa kumstahi mtu, utakuja kumstahi mbele ya jeneza.

Nenda sasa, upepo umetulia. Mungu akupe mkono mwepesi na mdomo usioogopa kweli. Kila unachokipandisha juu kishuke salama, na kila aliyekuja kukutazama arudi kwao kwa miguu yake, akiwa na watoto wake wote. Amina. Haya, niambie kwanza, mwanangu: hapa nilipokaa ni salama, au nisogee?