Shikamoo ya Brigita

Mafuta ya pamba yakipata moto kwenye sufuria hutoa harufu nzito, kama ya karanga zilizokaangwa kwenye chumba kisicho na dirisha. Nikiisikia leo, hata nikiwa jikoni kwangu, narudi Ngokolo, Shinyanga mjini, miaka ile ya foleni za sukari. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na jioni alirudi nyumbani nyuzi nyeupe zimemganda kwenye nyusi na kwenye nywele za mikono, akawa kama mtu aliyezeeka tangu asubuhi. Mimi nilikuwa darasa la nne. Jina langu ni Kabula Kerigani, na hilo la pili lilinipa taabu shuleni. Watoto walisema ni jina la dawa ya mafua. Nilipomuuliza Baba, alisema, "Ni jina langu. Nilipewa la mzungu aliyekufa kwetu, kule Segese. Kamuulize Bibi yako." Bibi alikuwa mbali, na mimi sikuuliza tena, ila nililala na jina lile kama mtu anavyolala na wimbo asiojua maneno yake.

Kilichotokea kilianzia kwenye foleni. Siku sukari ilipofika duka la ushirika, majina yaliitwa kwa sauti, na Padri wa parokia yetu alikuwa amesimama pale na mfuko wake kama sisi wengine. Alikuwa mzungu mzee, Mwairishi, aliyekuwa anaongea Kisukuma vizuri kuliko watoto wa mjini. Alipomsikia karani akiita "Kerigani," aligeuka haraka, nusura aangushe mfuko wake. Kumbe kijijini kwao ukoo wa jina hilo ulikuwepo, na kijana wao mmoja, Tomasi, alikuja zamani kutafuta dhahabu upande wa Geita, akapotea. Padri aliandika kwao. Sitaki kumlaumu. Aliandika alichokisikia tu, kwamba Shinyanga kuna mtu anaitwa Kerigani. Kwao jina la mwisho hutoka kwa babu wa babu. Kwetu mtoto huchukua jina la baba yake mzazi, likaishia hapo, na baba yake mzazi huenda alipewa jina la mtu yeyote ambaye nyumba haikutaka asahaulike. Padri aliyajua haya, lakini nadhani siku ile furaha ilimtangulia.

Basi akaja Brigita, mdogo wake Tomasi. Alikuwa na nywele nyeupe zilizofungwa kwa kitambaa, na sweta la sufu lililonuka kondoo aliyenyeshewa. Alikaa sebuleni kwetu akamtazama Baba kwa muda mrefu bila kunywa chai. Padri alitutafsiria kwamba kwao hakubaki mtu, wote walikufa au walipanda meli kwenda Amerika na Australia, nyumba ina yeye na paka, na alitaka kujua jambo moja tu kabla hajafa: kama kaka yake aliacha mtoto. Akatoa picha. Kijana mwembamba, masikio yamesimama. Jirani yetu Mama Joni, aliyekuwa amejipenyeza ndani kwa kisingizio cha kuazima chungio, aliitazama picha, akamtazama Baba, akasema taratibu, "Masikio ni yale yale." Na kweli masikio ya Baba yalisimama. Baba aliyashika kwa mikono yote miwili kama mtu anayezuia kofia kwenye upepo.

Siku zile nilitembea kama niko ndani ya maji. Nilijitazama kwenye kioo cha Mama nikitafuta ncha ya pua isiyo yetu. Brigita alinieleza kwa mikono kwamba kwao mvua ni nyepesi kama vumbi, haikomi, na majani hayageuki manjano. Mimi, mtoto wa Shinyanga niliyezoea kuona ng'ombe wakilamba ardhi kavu, nililala nikiisikia mvua ile. Nilitaka iwe kweli. Baba naye, sijui kama alitaka iwe kweli au alitaka tu yule mama afurahi. Nimejiuliza mara nyingi na sina hakika.

Tulienda Segese kwa Landrova ya parokia. Kaya ya Bibi ilizungukwa na uzio wa minyaa, na upande wa magharibi, pale uzio ulipokunja kona, kulikuwa na mawe meupe yaliyopangwa. Bibi alitukaribisha kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Baba alimvuta pembeni, lakini Bibi hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Mama, amekuja kutoka mbali," Baba alisema. "Mwache aamini. Haitupunguzii kitu."

"Nimdanganye mfiwa?" Bibi akauliza. "Tena hapa, mbele ya huyu aliyelala?"

Akaenda kukaa mbele ya Brigita, akasema kwa Kisukuma, Padri akifuatisha. Tomasi alitoka Geita peke yake, akachimba shimo lake karibu na kaya, na Masanja, mume wake Bibi, alikuwa mwenzake wa kuvuta ndoo. Wawili wale walikuwa hawana lugha moja na walicheka kutwa. Homa ikamshika Tomasi, wakamuuguza, akafa, wakamzika pale penye mawe meupe. Masanja alinyoa nywele kama aliyefiwa na ndugu. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule akaitwa Kerigani ili jina lisilale nje.

"Damu yake hapa hakuna," Bibi akamaliza. "Masikio hayo ni ya Masanja. Ya huyo mzungu hata sikuyaona, alikuwa havui kofia."

Padri alichelewa kutafsiri. Brigita alipoelewa, uso wake haukubadilika, ila mikono ilianza kukunja na kukunjua kitambaa cha mfukoni. Nilisikia kuku wakichakura, na mvua ile yangu ya kule mbali ikakatika kichwani.

Kisha Bibi akasema, "Muulize, kwao walinyoa?"

Padri alisita. Bibi akarudia. Brigita akajibu kwamba hawakujua kama amekufa. Mama yao aliweka kiti chake mezani mpaka naye akafa.

"Basi matanga hayajafungwa," Bibi alisema, kama anayeona jembe limeachwa shambani. "Masanja alinyoa ya urafiki. Ya nyumba ilibaki. Mimi nimekuwa nikisubiri mwenye msiba aje, nikadhani nitakufa kabla."

Brigita aliposikia hayo alifungua kitambaa chake cha kichwani mwenyewe. Akakaa kwenye kigoda kando ya mawe meupe. Mimi nilipewa bakuli la maji nishike. Bibi alilowanisha nywele nyuma ya sikio na kukata kishungi kimoja kwa wembe, polepole, mkono mwingine umemshika shavu. Brigita alilia bila sauti, na Bibi alimwacha alie, kisha akazifukia nywele zile kwenye mizizi ya minyaa. Halafu akamgeukia Baba. "Wewe ndiye mwenye jina la kaka yake. Kwa hiyo wewe ni mkubwa wake. Padri, mwambie huyu mama amsalimie kaka yake vizuri."

Padri alimfundisha. Na yule bibi wa nywele nyeupe, mwenye umri wa kumzaa Baba, alisimama, akainamisha kichwa na kusema, "Shikamoo." Baba alitazama chini kwa aibu. Bibi alimkazia macho. Mwishowe Baba akajibu, "Marahaba, Brigita," na yule mama akamshika mikono, hakuiachia mpaka Landrova ilipowashwa.

Leo Segese taa za mgodi mkubwa zinafuta nyota, na kaya ya Bibi imekuwa maduka ya simu. Mawe yale sikuyaona nilipopita, ingawa huenda sikutafuta vizuri. Minyaa kidogo imebaki nyuma ya duka moja. Mwaka huu kijana mmoja wa Australia, naye Kerigani, aliniandikia kwa simu, akiomba niteme mate kwenye kichupa, mashine iseme kama sisi ni ndugu. Kwa elimu yangu ya darasa la saba sibishani na mashine, na pengine ina faida zake. Nilimjibu ukweli kwamba haitaona kitu, damu hatuna. Kisha nikamuuliza babu yake alikuwa nani kwa Tomasi, ili tujue kati yangu na yeye nani aanze shikamoo. Hajajibu bado. Nadhani anauliza kwao.