Mgeni wa Sandoa Hupokewa Stesheni

Kwetu, mgeni anayetoka Sandoa hupokewa stesheni. Desturi hiyo ilianza babu yangu alipokuwa akitandika reli. Mgeni anatandikiwa kitenge jukwaani, anakikanyaga, anapewa maji, ndipo anahesabiwa kuwa amefika. Kabla ya hapo bado yuko safarini: hali chakula, habariki mtu.

Stesheni yenyewe ni ile ndogo ya upande wa Kapata, hapa Kolwezi, mji wa migodi. Zamani shaba ilipita hapo pamoja na abiria, na akina mama waliuza mihogo ya kuchemsha madirishani. Kisha treni za abiria zikapungua, zikakoma, na shaba ikahamia kwenye malori. Mabati yakang'olewa, mabenchi yakafuata, na sisi majirani tukawa tunapita kando kana kwamba hayatuhusu.

Shangazi yangu wa Sandoa akiuliza habari za stesheni kwa simu, nilimjibu, "Gare iko, Mama." Si kuta zilikuwepo? Ujanja wa kitoto, najua.

Mwaka huu alikuja kumbariki binti yangu kabla ya ndoa. Nilikuwa nikimsubiri nyumbani pamoja na wakwe, sote tumevaa nguo za kanisani, simu ikalia. Alikuwa amemwamuru dereva amshushe stesheni. Nikatoka mbio, wakwe nyuma yangu.

Tulimkuta amesimama katikati ya magunia. Vijana wachimbaji walikuwa wameanika mawe ya shaba jukwaa zima, hata pa kutandika kitenge hapakuwepo. Mkwe mmoja akakohoa kuficha kicheko. Nilitamani ardhi inimeze, na Kolwezi mashimo hayakosekani.

"Mama, tuende ku nyumba," nikamwambia. "Huku gare haiko tena. Ilikufa zamani."

Akanitazama.

"Kama ilikufa, juu ya nini hamukutuambia? Tungekuya kulia."

Akaketi chini, akanyoosha miguu kama wanawake wanavyoketi kwenye msiba, akalia kwa sauti huku akiwataja ndugu zetu marehemu waliowahi kushuka pale. Wachimbaji wakaweka chini koleo zao, wakavua kofia. Yule mkwe wa kukohoa naye akaketi.

"Leo ni kilio," Shangazi akasema. "Mutoto nitamubariki kesho."

Nikaketi karibu naye. Wakwe, ambao stesheni ile waliiona siku hiyo kwa mara ya kwanza, walikuwa wanalia. Mimi niliyezaliwa jirani nayo nilitoa leso nikajipangusa macho makavu, ili Shangazi asijue.